Wimbo Wanaujua, Mikono Hawanawi: Mwongozo Kamili wa Usafi kwa Awali hadi Darasa la Pili

Simu huwa ni ileile, anabadilika mpigaji tu. "Mwalimu, kibuyu chirizi tumejenga, somo tumefundisha, wimbo wanauimba mpaka majirani wameukariri. Lakini kengele ya uji ikilia wanakipita mbio kama hawakioni." Mmoja anapiga kutoka Buhongwa, mwingine Ukerewe, mwingine kule Magu, zote huku kwetu Mwanza, kanda ya Ziwa Victoria. Maneno karibu yanafanana. Kibuyu chirizi ni lile dumu la maji linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu ili mtu anawe.

Mimi mwenyewe nilianguka hapohapo. Nilijenga kibuyu kimoja kizuri, nikakizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, wageni wakaja Ijumaa wakapiga picha. Jumatano ya wiki ya pili nilikuta buibui ametandaza utando kati ya dumu na boriti. Buibui hatandazi utando mahali penye pilika, kwa hiyo sikuhitaji ripoti.

Ilinichukua muda kukubali kwamba watoto walikuwa wameelewa somo vizuri kabisa. Kilichowashinda ni foleni. Mtoto wa miaka saba aliyetoka nyumbani bila chai hasubiri robo saa kunawa huku sufuria la uji linaonekana. Hata wewe usingesubiri. Mwongozo huu basi umepangwa kuanzia kwenye foleni, maji na sabuni, na somo lenyewe linakuja katikati.

## Vifaa vya darasa la watoto 80 hivi

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kujenga huku unasubiri kamba, utamaliza muhula.

- Madumu manne ya lita 5 ya mafuta ya kupikia, yenye mshikio na kifuniko
- Miti mitatu yenye panda, kila mmoja mita 1.5
- Boriti moja nyembamba na imara ya mita 3
- Vijiti vinne vya kukanyagia, vya mita moja
- Kamba ya manila, mita 10
- Msumari wa inchi nne, koleo na jiko la mkaa
- Ndoo tatu za kokoto
- Chupa mbili za maji za lita 1.5, na kitambaa chekundu
- Sabuni ya unga kilo moja, na miche miwili ya sabuni
- Madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko
- Kikombe kimoja cha dagaa wakavu

Hao dagaa si wa mboga. Usiwaruke.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya foleni kabla ya kukata mti

Chukua saa, chukua mtoto mmoja, mwache anawe kama ulivyomfundisha: alowe, apake sabuni, asugue, asuuze. Utapata sekunde 40 hivi. Sasa zidisha. Watoto 84 kwenye kibuyu kimoja ni dakika 56, na mapumziko ya uji ni nusu saa. Hapo ndipo mradi unapofia, na wimbo hauwezi kuuokoa.

Kuongeza vibuyu kunasaidia, lakini dawa kubwa ni kutenganisha kazi mbili: kusugua na kusuuza. Kusugua hakuhitaji kibuyu. Mtoto anaweza kusugua akiwa amesimama kwenye mstari, hatua kumi kutoka kwenye maji. Kibuyu kinahitajika kwenye kusuuza tu, na kusuuza ni sekunde 10.

Piga hesabu upya. Watoto 84 kwa vibuyu vinne ni watoto 21 kila kibuyu. Mara sekunde 10 ni sekunde 210, yaani dakika tatu na nusu. Ongeza purukushani za watoto, weka dakika sita. Hizo mapumziko yanazibeba bila kelele.

Fanya hesabu hii kwa idadi ya darasa lako, uiandike ubaoni ofisini. Mwalimu mkuu akiuliza kwa nini madumu manne wakati shule ya jirani wana moja, mwonyeshe.

## Hatua ya 2: Jenga vibuyu vinne kwenye boriti moja

Pasha msumari kwenye mkaa mpaka ubadilike rangi, ushike kwa koleo. Kwenye kila dumu toboa tundu la maji upande usio na mshikio, sentimita 12 chini ya kifuniko. Toboa tundu jingine dogo sana juu kabisa, karibu na mshikio. Hilo ni la hewa.

Tundu la hewa ndilo wengi wanalolisahau. Dumu bila hewa hutoa maji kidogo, linakohoa, linakata. Mtoto anakanyaga, anakanyaga tena, anaondoka na mapovu mikononi. Ukiona watoto wanatikisa dumu, kagua hewa kwanza.

Toboa kifuniko katikati, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani, funga kifuniko. Mwisho wa pili wa kamba ufunge kwenye kijiti cha kukanyagia, ncha moja ya kijiti ikiwa imelala chini na ncha yenye kamba imeinuka sentimita 15 hivi. Mguu unakanyaga, kamba inavuta shingo, dumu linainama, maji yanatoka. Mkono haugusi chochote, na hiyo ndiyo faida yake juu ya ndoo ya koki. Koki inafunguliwa na mkono mchafu, halafu inafungwa na uleule uliokwisha kunawa.

Chimba mashimo matatu ya sentimita 45, simamisha miti, pitisha boriti ndani ya mishikio ya madumu kisha uilaze kwenye panda. Kati ya dumu na dumu acha sentimita 60, vinginevyo watapigana viwiko. Boriti ikae kama mita moja kutoka ardhini. Kipimo cha uhakika ni mtoto mwenyewe: maji yamwangukie usawa wa kitovu. Yakiwa juu, yanateremka mpaka kwenye kwapa na sweta linalowa. Akiloa mara mbili, harudi.

Sasa, walimu wa milimani. Najua unasoma habari ya sentimita 45 na unacheka, maana shule yako imekaa juu ya jabali. Mwanza ni mawe. Usihangaike na sururu. Simamisha kila mti ndani ya ndoo kuukuu ya lita 20 na uijaze zege, au uubane kwa mawe makubwa yaliyopangwa kuuzunguka mpaka usitikisike. Kama baraza la darasa lina nguzo mbili zilizokaribiana, funga boriti kwenye nguzo, umemaliza.

Chini ya madumu mwaga kokoto, na uchimbe mfereji mdogo upeleke maji kwenye mgomba au mpapai. Bila hivyo kutakuwa na tope ndani ya siku tatu, na mtoto mwenye viatu vipya hataligusa tope, kwa amri ya mama yake. Maji yakituama pia yanakaribisha mbu.

Utajua umefanikiwa pale mtoto mdogo kuliko wote wa Awali anapokanyaga mara moja na kusuuza mikono yote miwili bila kusaidiwa na bila kulowa nguo.

## Hatua ya 3: Sabuni ya chupa, na mche kwa ajili ya chooni

Mche wa sabuni kwenye foleni ya watoto 80 ni balaa. Unateleza, unaanguka kwenye mchanga, unapotea mfukoni mwa mtu. Wakati mwingine kunguru anaubeba mchana kweupe.

Kwa foleni ya uji tumia sabuni ya chupa. Weka gramu 30 za sabuni ya unga, takriban vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, kwenye lita 1.5 za maji. Tikisa taratibu, acha ikae. Toboa kifuniko matundu matatu kwa sindano ya moto. Kiranja anapita kwenye mstari akiminya kidogo kwenye kila kiganja, kama kijiko kimoja cha chai.

Darasa la watoto 84 linatumia chini ya nusu lita kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo chupa moja inatosha mizunguko mitatu. Kilo moja ya sabuni inatoa chupa 33. Peleka hesabu hiyo kwenye kamati ya shule. Ukisema "tunaomba hela ya sabuni" watakuna vichwa. Ukisema "kilo moja inanawisha darasa zima mara 99" watauliza duka lipi.

Angalizo kubwa: chupa ya maji yenye kitu cha rangi ndani, mtoto anaona juisi. Usiache kifuniko kisichotobolewa, zungushia chupa kitambaa chekundu, na baada ya kazi iingie kabatini kwa mwalimu. Usitumie chupa ya soda. Na usiongeze sabuni ukidhani utaua vijidudu zaidi. Sabuni ya unga ikizidi inachubua ngozi, na mtoto anayewashwa mikono ataanza kujificha.

Mche unafaa kwenye kibuyu cha chooni, tofauti na vile vinne vya foleni, ambako watoto wanakuja mmoja mmoja. Utoboe kwa msumari wa moto, pitisha kamba, uvishe wavu wa vitunguu, ufunike na nusu ya kopo la plastiki ili mvua isiuyeyushe. Ndani ya wavu hata vipande vidogo vya mwisho vinatumika. Siku sabuni imekwisha kabisa, majivu safi ya jikoni ni afadhali kuliko maji matupu. Mama wa uji anayo, muombe kwa heshima, maana huyu mama utamhitaji sana huko mbele.

## Hatua ya 4: Maji, na hasa maji ya ziwa

Kila mtoto anasuuza kwa mililita 100 hivi, chini ya nusu kikombe. Darasa la 84 ni lita nane na nusu kwa mzunguko. Ukiongeza chooni, dumu moja la lita 20 kwa siku linatosha. Si mzigo wa kutisha. Tatizo ni nani analijaza, na lini.

Lijazwe jioni, si asubuhi. Asubuhi kuna paredi, kuna waliochelewa, kuna mzazi mlangoni. Dumu lililosubiri asubuhi ndilo lililokuwa tupu saa nne.

Kama shule ina bomba au simtanki la maji ya mvua, songa mbele. Kama mnachota ziwani, kuna jambo moja la kulizingatia. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya kwenye ngozi nzima, haihitaji jeraha wala kunywa. Kumnawisha mtoto kwa maji yaliyochotwa ziwani dakika hiyo ni kumpeleka ziwani kwa mlango wa nyuma. Lakini vijidudu hivyo vikikosa mtu wa kumwingia havidumu, ndani ya siku mbili vimekufa.

Ndiyo maana madumu ni mawili. Liandike moja A, jingine B. Linalochotwa leo linafunikwa na kulala siku mbili, linatumika lililotangulia. Ukiona siku mbili zinabana, ongeza dumu la tatu. Mfuniko ni lazima ili mtu asiongezee maji mapya, maana konokono mdogo aliyeingia nayo anaharibu hesabu yote.

Hayo ni ya kunawa. Ya kunywa ni habari nyingine: yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, yakae kwenye chombo chake, na kibuyu chirizi kisigeuzwe bomba la kunywea. Watoto watajaribu. Wawahi.

Tena, usiwatume watoto wa darasa la kwanza ziwani kuchota. Hata kama ufuko uko hatua mia.

## Hatua ya 5: Somo la dagaa

Hapa ndipo ninapopapenda, na naomba usipapitie haraka.

Tatizo la kufundisha vijidudu kwa mtoto wa miaka sita ni kwamba unamwambia habari ya kitu kisichoonekana. Unachora mdudu mwenye meno ubaoni, anarudi nyumbani akiamini mikononi mwake kuna wadudu wenye meno. Anaangalia, hawaoni, anahitimisha kuwa mikono yake ni misafi. Na kwa alichofundishwa, hajakosea.

Lakini mtoto wa kandokando ya ziwa anakijua kitu kimoja kisichoonekana ambacho kipo: harufu ya dagaa.

Twanga kile kikombe cha dagaa wakavu mpaka wawe unga. Ita watoto wanane mbele, wapake kidogo viganjani, wasugue, kisha wapukute. Waonyeshe wenzao mikono. "Mnaona dagaa?" Hawaoni. "Nuseni." Darasa litalipuka, acha licheke.

Sasa wanne wanawe kwa maji matupu, wanne kwa maji na sabuni, nyimbo na kila kitu. Warudi mbele. Wenzao wapite mmoja mmoja wakinusa, kisha waseme nani bado ana dagaa. Hawa wa maji matupu watakamatwa wote. Kwa wa sabuni, karibu kila mara kuna mmoja ambaye kiganja chake kimetakata lakini vidole vinanuka. Siku ya kwanza nilipofanya somo hili, binti mmoja alijinusa, akakunja uso, akasema, "Mwalimu, dagaa amejificha kwenye kucha." Sikuwa nimepanga kufundisha kucha siku ile. Alinifundishia yeye.

Ukifika hapo, sentensi inayobaki ni moja tu: vijidudu vya tumbo vinakaa mkononi kama harufu ya dagaa, huvioni, maji peke yake hayavitoi vyote, na vinapenda kujificha kwenye kucha. Usiongeze mhadhara. Usitaje majina ya magonjwa saba. Kuhara na minyoo yanatosha, hayo wanayajua kwa matumbo yao wenyewe.

Angalizo: wapo watoto ambao ngozi inawavimba au kifua kinawabana wakigusa samaki. Uliza wazazi kabla, na hao wape kazi ya kunusa wakiwa mbali, au watumie kitunguu. Na usimchague mtoto ambaye wenzake humtania kuwa ananuka. Mchague yule hodari wa mpira.

## Hatua ya 6: Siku kumi za mazoezi

Chagua nyakati mbili tu: kabla ya uji, na baada ya choo. Orodha ndefu za nyakati kumi ni nzuri ukutani, lakini mtoto anashika mbili. Nyingine zitafuata zenyewe.

Kwa siku kumi za shule mfululizo, wewe mwenyewe unasimama kwenye mstari na unanawa pamoja nao. Utaratibu uwe uleule, bila kubadilika:

Kengele inalia, mstari unasimama kwenye kivuli. Kiranja anapita na chupa. Wote wanasugua pamoja huku wanaimba. Kisha mistari minne inasogea kwenye vibuyu kusuuza. Anayemaliza anatanua mikono hewani ikauke, na kutoka pale anakwenda moja kwa moja kuchukua kikombe.

Kuhusu kusugua, lengo ni sekunde 20. Usiwaambie wahesabu mpaka ishirini, nimewapima, wanafika kwa sekunde sita. Tumia mistari inayotaja sehemu za mkono ili mdomo uongoze vidole. Sisi tuliimba hivi, kwa sauti yoyote wanayoipenda:

*Kiganja kwa kiganja, sugua sugua,*
*Mgongo wa mkono, sugua sugua,*
*Katikati ya vidole, sugua sugua,*
*Gumba lisibaki, zungusha zungusha,*
*Kucha kiganjani, kwaruza kwaruza.*

Mara mbili, taratibu, na sekunde 20 zimepita. Gumba na kucha nimeziweka mwisho makusudi, kwa sababu ndizo zinazosahaulika na mwisho wa wimbo ndio wanaoupigia kelele. Darasa likiwa na watoto wengi wanaozungumza Kisukuma au Kikerewe nyumbani, waache watunge beti kwa lugha hiyo. Zitafika jikoni kwa bibi haraka kuliko zako.

Kuhusu kukausha: wakiachwa wanafuta kwenye sweta, na sweta ndilo lililofuta kamasi asubuhi. Waulize kama wamewaona wale mnandi, ndege weusi wanaosimama juu ya mawe ya ziwani wametanua mbawa. Wote wamewaona. "Basi tuwe mnandi." Hutarudia maelezo tena.

Usimnyime mtoto uji kwa kutonawa. Nimeona ikifanyika kwa nia njema kabisa, na matokeo yake mtoto anajifunza kuloweka vidole viwili haraka ili apite. Anayeruka mstari mrudishe mwanzo, anawe, ale. Hapa ndipo mama wa uji anapoingia. Mwombe mapema, "Mama, shikamoo, tunaomba utusaidie jambo moja: kabla ya kupakua, mtoto akuonyeshe viganja." Yeye akisema "bado," mtoto anarudi mbio bila kinyongo. Neno la mwenye upawa ni zito kuliko la mwalimu.

Dalili kwamba imekubali ni kuona siku ya nane au ya tisa, wewe umechelewa ofisini, na mstari umesimama bila wewe.

## Hatua ya 7: Chooni

Kibuyu cha chooni kisizidi hatua kumi kutoka mlangoni, na kiwe njiani, pale ambapo mtoto hawezi kurudi darasani bila kukipita. Kikiwa nyuma ya choo hakitumiki.

Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kama shule yenu iko mbali na hapo, wadogo wapewe tundu lao na wapelekwe dakika tano kabla ya mapumziko, maana wakubwa wakitoka wanawasukuma, na mtoto aliyesukumwa anakwenda nyuma ya mwamba.

Usafishaji wa choo usiwe adhabu. Ukimwadhibu mtoto kwa kumpa fagio la choo, umemfundisha kuwa usafi ni kazi ya wakosaji. Iwe zamu ya wote, na kwa watoto wa awali mpaka la pili kazi iishie kujaza maji kwenye kibuyu.

## Hatua ya 8: Kuzungumza nao kuhusu ziwa

"Msiingie ziwani." Sentensi hii imebandikwa, imeimbwa, imepuuzwa. Mama anafulia ziwani, baba anasukuma mtumbwi, kaka anaogelea. Mtoto anakusikiliza kwa adabu, halafu jioni yuko majini.

Afadhali wape mambo machache wanayoyaweza. La kwanza: haja, kubwa au ndogo, haiendi ziwani wala pembeni yake, hata ukiwa peke yako. Kichocho kilichoenea ufukweni kwetu ni cha tumbo. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia majini, yanaanguliwa, vinavyotoka humo vinamwingia konokono, na kwa konokono vinatoka vijidudu vinavyomrudia mtu. Kata kamba hapo mwanzoni na konokono anabaki konokono tu. Kwa walimu wa mbali na ufuko, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, huko kipo pia cha mkojo, kwa hiyo kukojoa majini nako kuna uzito.

La pili: penye magugu na maji yaliyotulia ndipo konokono anapokaa, na mchana jua likiwa kali ndipo vijidudu vinatoka kwa wingi. Usiseme kwamba asubuhi ni salama kabisa, si kweli. Sema mchana kwenye magugu ni kubaya zaidi.

La tatu: damu kwenye choo au mkojo ni habari ya kumwambia mtu mzima siku hiyohiyo, na hakuna atakayechekwa. Wavulana hasa huficha.

Siku ya kumeza dawa za kichocho shuleni, hakikisha wamekula kwanza. Dawa ile juu ya tumbo tupu inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, watoto wawili wakitapika mbele ya wenzao, mtaa mzima utasema watoto wamelishwa sumu. Waambie wazazi siku mbili kabla kwamba uji mzito asubuhi ni sehemu ya dawa. Na waambie kwamba dawa inaua minyoo iliyopo mwilini, haimkingi mtoto akirudi majini kesho.

## Hatua ya 9: Kucha, vikombe, miswaki

Haya yanakwenda haraka.

Kucha zikatwe nyumbani Jumapili, zikaguliwe Jumatatu. Asiwepo mwalimu wa kupitisha wembe mmoja kwa darasa zima, damu ya mtoto mmoja isiende kwa mwingine. Ukikuta kucha ndefu, andika kikaratasi kwa mzazi. Fimbo ya vidoleni haijawahi kukata ukucha.

Kila kikombe kiwe na alama ya mwenyewe. Asiyejua kusoma jina lake, mchoree samaki, jua au jiwe kwa rangi ya kucha.

Mswaki ni wa mtu mmoja. Uliza taratibu darasani nani ana wake, utashangaa. Kama wako watatu kwa mmoja, mswaki wa mti uliochongwa upya kila siku ni bora kuliko wa plastiki wa kugawana.

## Hatua ya 10: Kupima

Usiwaulize watoto kama wananawa. Watajibu "ndiyooo, Mwalimu" kwa sauti moja, na utaandika kwenye ripoti.

Iulize sabuni. Piga mstari kwa kalamu ya wino kwenye chupa kila Jumatatu asubuhi, angalia Ijumaa imeshuka wapi. Kama chupa ya lita 1.5 imekaa wiki nzima, hakuna anayenawa, hata wimbo uwe mtamu vipi. Mche wa chooni usiopungua nao una maneno yake. Angalia kokoto saa nne na nusu: zikiwa kavu, umepata jibu. Na mara moja kwa mwezi, bila taarifa, rudia dagaa kwa watoto wanane wengine.

Hesabu ikishuka, usirudi kwenye somo. Rudi Hatua ya 1 utafute foleni ilipokwama. Mara nyingi ni dumu moja lililopasuka na watoto wamehamia kwenye matatu, au kiranja wa chupa amehama shule na hakuna aliyerithi.

Wape viranja zamu ya wiki moja moja, wawili wawili, msichana na mvulana, wakabidhiane Ijumaa mbele ya darasa. Kazi ikikaa kwa mtoto mmoja muhula mzima inageuka cheo, na cheo kinaanza kugawa sabuni kwa marafiki.

Likizo ndiyo inayoua mazoea kuliko kitu kingine. Wiki nne nyumbani zinafuta siku kumi zako zote, na madumu yenyewe yatakuwa yamechukuliwa na mtu wa kuchotea mafuta ya taa. Wakati wa kufunga shule yashushe, uyafungie stoo. Siku moja kabla ya kufungua, yarudishe kwenye boriti, jaza maji, toa chupa kabatini. Siku tatu za kwanza simama tena kwenye mstari na unawe nao, kuanzia uji wa siku ya kwanza, kabla hata madaftari mapya hayajagawiwa.